Skuli ya mtoto: wapi hasa mzazi unachagua na wapi unachaguliwa

Mdogo wangu anakaa Wete, Pemba, juzi kanipigia simu na hata salamu hazijesha akaingia moja kwa moja, dada nataka nikuletee huyu mtoto Unguja akae kwako asome skuli nzuri. Mtoto mwenyewe ni binti yake wa pili, Januari anaingia darasa la tano. Nikamuuliza skuli nzuri ipi hiyo, akasema si hizo, Lumumba, Ben Bella, hizo sekondari za majina zinazopasisha. Nikacheka. Sikumcheka yeye, nilijicheka mimi, mana mwanangu wa kwanza nilimhangaisha vivyo hivyo, nikizunguka na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, mkononi kama natafuta kiwanja, mpaka mwalimu mmoja mtu mzima akaniweka kitako akaniambia mama, wewe unachagua pasipo na kuchagua halafu pale penye kuchagua utakuwa umelala. Na kweli nililala.

Basi nilomueleza mdogo wangu kwa simu mpaka salio likakatika ndo naliandika hapa, mana naona wazazi wengi tuko kwenye mkorogo huo huo.

Kwanza tujue nani anaendesha nini. Elimu ya skuli huku kwetu Zanzibar si jambo la Muungano, tuna wizara yetu, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na mtaala wetu. Mtihani wa darasa la nne, wa kumaliza msingi na wa fomu tuu ni wa Baraza la Mitihani la Zanzibar. Lakini ukifika fomu foo na fomu siksi unakutana na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hiyo ni ya Muungano, na elimu ya juu nayo ni ya Muungano. Kwa hiyo mtoto anaanza na baraza moja anamalizia na jengine. Mimi naona nusu ya mkanganyiko wetu unatoka hapo, mtu anasoma mambo ya TAMISEMI ya huko Bara kwenye simu, mara shule za kata mara mtoto kapangiwa mkoa gani, anadhani na yeye yanamuhusu. Hayakuhusu yakhe. Ya kwako yako wizarani kwetu, na kabla ya wizarani yako kwa ofisa elimu wa wilaya yako.

Mpangilio wa miaka ule wa Sera ya Elimu ya 2006 ni maandalizi miaka 2, msingi 6, sekondari ya kawaida 4, ya juu 2. Miaka 12 ya mwanzo ni haki na lazima, mtoto hatupwi nje darasani kwa sababu hajapata skuli ya jina. Na ada hakuna, elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964 na mpaka leo siku hiyo inaadhimishwa. Ingawa sote tunajua bila malipo si bila gharama, kuna yunifomu, mabuku, nauli na tusheni, na tusheni ndo inatumaliza.

Sasa milango. Mlango wa kwanza ni maandalizi na darasa la kwanza, na hapa kwa skuli ya serikali uchaguzi wako ni mdogo kuliko unavyodhani. Mtoto anaandikishwa karibu na anapoishi, unakwenda na cheti cha kuzaliwa, sehemu nyengine na barua ya sheha, basi. Watu wanasumbuka kutafuta jamaa anayekaa mjini ili wapate anuani, mtoto wa miaka sita anadandia daladala alfajiri na mapema kutoka kwao mpaka Mji Mkongwe, anasinzia darasani, na mama anajisifu mwanangu anasoma mjini. Mimi kwa umri huo naangalia vitu viwili tu, anafika vipi na wamo wangapi darasani. Kama huna maandalizi karibu, uliza kama mtaani kwenu kuna kituo cha TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, vile vituo vilivyoanza na masomo ya redio. Watu wanavidharau kwa sababu havina jengo la kujivunia, lakini mtoto anayetoka pale anakuja darasa la kwanza keshajua kukaa na wenzake na keshazijua herufi.

Halafu kuna suala la mkondo, na hili watu wa nje ya Zanzibar hawalielewi. Skuli nyingi zetu za mjini wanafunzi wamejaa mpaka wanaingia kwa mikondo miwili, wengine asubuhi wengine mchana. Mtoto wa mkondo wa mchana anatoka jua linazama. Sasa chuoni, yaani madrasa ya Kurani, anakwenda saa ngapi? Anakwenda asubuhi, akirudi anakula mbio mbio anakwenda skuli, akitoka skuli kachoka, buku halifunguliwi. Wa asubuhi anapumzika adhuhuri, alasiri chuoni, usiku ana nafasi ya kusoma. Nimeona ndugu wawili, skuli moja walimu wale wale, mikondo tofauti, na tofauti yao ilikuwa usingizi tu. Siku hizi serikali imejenga skuli za ghorofa sehemu nyingi, sehemu ya fedha ilitokana na zile za Uviko, na lengo linalosemwa ni kuondosha mikondo miwili na kupunguza msongamano. Penye skuli ya ghorofa mpya jirani mambo yanaweza kuwa yashabadilika hata kama jina la skuli halijapata sifa bado. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu mkuu si "mnapasisha?", swali ni mwanangu ataingia saa ngapi atatoka saa ngapi na wamo wangapi. Na ukishapata jibu nenda kaongee na ustadhi wa chuoni pia, wengi wanakubali kusogeza muda ukiwaeleza vizuri, sisi tu hatuwaambii.

Mlango wa pili hauna kengele, nao ndo anaopita huyu binti wa Wete. Darasa la tano. Ile sera ya 2006 ilitaka hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia hapo, na sekondari ndo Kiingereza kitupu ukiondoa Kiswahili, Kiarabu na dini. Fikiria mtoto alokuwa anajua mzingo na eneo vizuri tu, ghafla anaambiwa perimita na eria, na mwalimu mwenyewe Kiingereza chake cha kuokoteza. Mtoto hajawa mjinga, kapoteza lugha. Lakini buku linarudi na makosa na sisi tunasema huyu hesabu hana, huyu ni wa sanaa. Umri wa miaka kumi tushamkatia hukumu!

Na mitaala nayo imekuwa ikibadilishwa, ule wa umahiri unaingizwa, kwa hiyo nenda skuli uulize darasa lipi linafundishwa kwa lugha gani mwaka huu, usitegemee alivyosoma kaka yake. Nilomwambia mdogo wangu ni hivi, badala ya kumpandisha mtoto boti kuja Unguja, tafuta mtu wa kumsomesha Kiingereza cha hesabu na sayansi miezi hii kabla ya Januari, maneno kama hamsini tu ya kuanzia, na wewe ujifunze pamoja naye jioni mkimenya mbatata. Kama una pesa ya tusheni ya mwaka mmoja tu maishani mwako, itie hapo. Usiiweke mpaka fomu foo wakati nyumba ishaungua.

Mlango wa tatu ndo wa majina makubwa, michepuo. Hapa ndipo mzazi anapodhani anachagua kumbe anachaguliwa. Mtoto anafanya mtihani wa kumaliza msingi, wenye alama za juu wanachukuliwa kwenye skuli na madarasa maalum, wengine wote wanaendelea fomu wani kwenye skuli zao za kawaida. Hakuna barua ya sheha hapo na hakuna mjomba. Mwanangu wa kwanza hakuchukuliwa, nikalia siku mbili kama nimefiwa, na lile kosa langu la kulia mbele yake nalijutia hata leo mana aliingia fomu wani na moyo wa mtu alokwishashindwa.

Hebu tukae hapa kidogo kwenye haya mambo ya kupasisha. Matokeo ya NECTA yako wazi kwenye websaiti yao, kila skuli ina namba yake inayoanza na S, unafungua unaona divisheni wani wangapi, tuu wangapi, mpaka ziro. Divisheni inatokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, ukijumlisha ikiwa 7 mpaka 17 ni wani, 18 mpaka 21 tuu, 22 mpaka 25 thrii. Tunatazama, tunaona skuli ya michepuo divisheni wani zimejaa, skuli ya mtaani kwetu ziko mbili tatu, tunasema ile nzuri hii mbaya.

Lakini tuseme skuli moja imepokea watoto 60, wote walikuwa vichwa huko msingi, na miaka minne baadae 40 wamepata wani na 20 wameteremka. Skuli nyengine imepokea 200, kila aliyebisha hodi, mwenye kusoma na asojua kusoma vizuri, na imetoa wani na tuu 50 na thrii nyingi. Ipi imefanya kazi kubwa? Mimi sijui kwa hakika bila kuwaona watoto wenyewe, lakini najua ya kwanza haijathibitisha chochote, imepewa samaki mkubwa imekupa samaki mkubwa. Matokeo yanakwambia kwanza nani aliingia, ndo baadae yanakwambia walifundishwaje. Ukitaka kuijua skuli ya kawaida usitazame divisheni, teremka chini kwenye somo moja moja. Ukiona hesabati na fizikia F tupu miaka mitatu mfululizo na Kiswahili na historia wanafanya vizuri tu, basi watoto wana akili na walimu wengine wapo, ni kwamba mwalimu wa fizikia hayupo au yupo jina. Hiyo ndo habari ya maana kuliko divisheni zote. Na uliza pia walioingia fomu wani walikuwa wangapi na waliokaa mtihani wa fomu foo wangapi, mana skuli inaweza kuwa na asilimia nzuri kwa sababu dhaifu wote wameishia njiani.

Kuishia njiani kwenyewe mara nyingi ni fomu tuu. Ule mtihani wa Baraza letu asiyepasi haendelei na wenzake, na wazazi wengi tunajua siku matokeo yanapotoka. Akikwama si mwisho, kuna elimu mbadala, kituo cha Rahaleo kimesaidia vijana wengi waliorudi kusoma, lakini ni njia ndefu na aibu ya mtaani inamla mtoto. Na ikiwa mtoto haoni vizuri, hasikii au ana shida ya kujifunza, usingoje fomu tuu ikakuumbue, wizara ina Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha, nenda mapema.

Haya, mlango ninaoutaka hasa ni huu, fomu thrii. Hapa ndo nililala.

Baada ya fomu tuu skuli inawagawa watoto, hawa sayansi, hawa sanaa, hawa biashara. Skuli nyengine wanaangalia alama, nyengine wanamuuliza mtoto, nyengine inategemea nafasi na walimu. Mtoto wa miaka kumi na tano anaangalia rafiki yake kakaa upande gani anakwenda huko. Mwanangu alirudi siku moja akasema mama mimi fizikia nimeiacha, nikasema sawa mwanangu kama ni ngumu. Nilikuwa nakaanga samaki, hata sikugeuka. Nilidhani kaacha somo kumbe kafunga mlango wenye milango ndani yake.

Udaktari chuo kikuu kwa alomaliza fomu siksi unataka fizikia, kemia na baolojia, yaani PCB. Uinjinia unataka fizikia na hesabati. Mtu akichukua CBG, kemia baolojia na jiografia, anasoma sayansi ndiyo, lakini kwenye udaktari hapiti mana fizikia haipo. EGM, uchumi, jiografia na hesabati, ni nzuri kwa uchumi na takwimu, uinjinia haimo. Na si chuo kikuu tu. Stashahada ya tiba, hawa tunaowaita klinikal ofisa, kiwango cha chini cha mwongozo wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ni pasi nne za fomu foo, ndani yake iwemo kemia, baolojia na fizikia, na pasi ni kuanzia D tu. Sikiliza vizuri hapo, D ya fizikia inafungua mlango ambao A ya historia haiufungui. Ushindani unaweza kupandisha kiwango, lakini asiye na fizikia kabisa hata foleni hapangi. Jengine ambalo huku kwetu linauma, zile pasi nne wanasema ziwe za masomo yasiyo ya dini. Mtoto ana A ya dini, sote tunafurahi na tuna haki ya kufurahi, akhera ipo, lakini kwenye hesabu ile haimo. Mjue mapema, msije mkahesabu pasi nne kumbe ni tatu.

Sisemi kila mtoto asukumwe sayansi. Kuna watoto wa historia na lugha na Wallahi tunawahitaji, na HGL (historia, jiografia, Kiingereza) na HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) zina njia zake, sheria, ualimu, uandishi, utalii na lugha za wageni ambazo hapa Unguja zinalipa. Ninachosema, mtoto akiacha somo aache kwa kujua anaacha nini, na wewe ugeuke kwenye kikaango umsikilize. Na kabla ya kuamua nenda uulize mwalimu wa somo hilo yuko kweli. Mashamba mengi na Pemba walimu wa sayansi ni wachache, maabara nyengine kabati limefungwa na funguo haijulikani kwa nani. Kama mwalimu hayupo, hapo sasa ndo kuhama skuli kuna maana, fomu thrii, kwa sababu moja unayoijua, si darasa la tano kwa sababu ya jina. Uhamisho unapitia skuli zote mbili na wilaya, anza mapema kabla ya muhula, usiende wiki ya kwanza ya Januari ukamkuta mwalimu mkuu kazungukwa kama bwana harusi.

Baada ya fomu foo ndo majina yanarudi, Lumumba, Ben Bella kwa wasichana, Fidel Castro kule Pemba, na kupangwa fomu faivu kunafuata matokeo na kombinesheni. Lakini wengi hawaendi fomu faivu na hili tunalifanya siri kama ugonjwa. Taasisi ya Karume pale Mbweni, KIST, inachukua vijana wa ufundi na uhandisi. SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, ina stashahada, na kile chuo cha afya cha Mbweni siku hizi kiko ndani ya SUZA. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mkokotoni, Makunduchi, Vitongoji, Daya Mtambwe, kijana anajifunza umeme, friji, uashi, mambo ya hoteli. Mtoto wa jirani yangu alikwenda friji na viyoyozi, mama yake alikuwa akiulizwa anasoma wapi anasema yuko masomoni tu, basi. Leo mahoteli ya Nungwi yanampigia yeye, na jirani jina la chuo kalikumbuka. Kwa anayekwenda chuo kikuu mkopo upo kwa milango miwili, bodi ya Muungano na bodi yetu ya Zanzibar, masharti tofauti, soma zote mbili.

Nikarudi kwa mdogo wangu. Nikamwambia mtoto kuja kwangu anakaribishwa muda wote, chumba kipo, lakini kuhama si bure. Anaacha mama yake, chuo chake alikofika juzuu ya kumi na mbili, mashoga zake, anakuja kuingia darasa la mji wa watu, na huku Fuoni gari asubuhi zenyewe unazijua, zinapita zimejaa. Dahalia, yaani bweni, mimi simpeleki mtoto wa miaka kumi, nikisikia fomu faivu nitakubali. Akanuna kidogo, akasema basi dada humtaki. Nikamwambia nenda kwanza skuli ya hapo hapo Wete uulize mambo matatu unirudie, darasa la tano wamo wangapi, hisabati na sayansi zitafundishwa kwa lugha gani na nani, na sekondari watakayopelekwa ina mwalimu wa fizikia au haina.

Kanirudia jana. Darasani watakuwa wengi, hilo lipo. Mkondo wa asubuhi. Mwalimu wa fizikia wa sekondari yupo, kijana, mwenyeji wa Mtambwe, na kumbe jioni anasomesha watoto wa darasa la tano Kiingereza cha hesabu nyumbani kwao kwa pesa ndogo, mdogo wangu anapita mlangoni hapo kila siku akienda sokoni na hakuwahi kujua. Mtoto keshaanza. Yeye mwenyewe kaniletea ujumbe wa sauti kwenye wasap, ananiambia mama mkubwa, trayengo ni pembetatu, na likizo nakuja au siji?